Mwaka Ambao Shelbyville Haikutoa Bingwa

Mwaka 2006 onyesho kubwa kuliko yote la farasi watembeao wa Tennessee, jimbo la Marekani, lilimalizika bila kutangaza bingwa. Tangu lianzishwe mwaka 1939 halikuwahi kufikwa na jambo la namna hiyo. Kila mwaka, mwishoni mwa Agosti, mji mdogo wa Shelbyville katika wilaya ya Bedford hujaa wageni kwa siku kumi na moja, na usiku wa Jumamosi ya mwisho hupatikana farasi mmoja anayepewa jina la bingwa mkuu wa dunia, pamoja na mpandaji wake. Mwaka ule farasi kumi walikuwa wakiwania taji. Walipopitishwa kwa wakaguzi, saba walionekana wamekiuka Sheria ya Ulinzi wa Farasi, inayokataza kumwonyesha farasi aliyeumizwa miguu ili ainyanyue juu, wakaondolewa. Wakabaki watatu. Taji la 2006 halikutolewa, na kwenye orodha ya mabingwa nafasi ya mwaka huo iko wazi mpaka leo.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Watetezi wa wanyama husema wakufunzi wakatili walikamatwa, basi. Watu wa farasi, hasa wakongwe wa Tennessee ya kati, husema serikali iliingilia mchezo wao, na wakaguzi walikuja wakiwa wameshaamua watu wa kuwafukuza. Mimi naona kila upande umeshika kipande. Mzizi wa mambo ya 2006 uko mbali kidogo na Shelbyville: uko katika viwanja vidogo vya vijijini, ambako mchezo huu ulilelewa, na katika jambo ambalo waamuzi walianza kulipa tuzo miaka ya hamsini.

Nianze na viwanja hivyo, kwa sababu ndivyo watu wanavyovikumbuka kwa upendo, na upendo huo ni wa kweli. Petersburg, Belfast, Cornersville, Wartrace: hii ni miji midogo ambayo mgeni angeipita kwa gari asiione. Lakini usiku wa onyesho, taa zikiwashwa, watu wa tarafa nzima walikuwa pale. Mara nyingi mwandaaji alikuwa klabu ya Lions ya hapo mjini, na fedha za kiingilio zilirudi kwenye shughuli za jamii. Kulikuwa na nyama ya kuchoma, na mpiga kinanda aliyefuatisha mwendo wa farasi, akibadilisha muziki kila mtangazaji alipoita mwendo mwingine. Farasi walizunguka upande wa kushoto kwanza, wakatembea, wakaongeza kasi, wakaenda mbio za taratibu. Kisha wakaamriwa kugeuka na kurudia yote upande wa kulia. Mwamuzi alisimama katikati ya uwanja na karatasi yake. Mwisho wote walipanga mstari, na tepe za ushindi zikagawiwa.

Wapandaji nao walikuwa wa kila aina. Kulikuwa na mashindano ya watoto, ya wanawake, ya wenye farasi wanaopanda kwa mapenzi tu, na ya wakufunzi ambao hiyo ndiyo riziki yao. Mwenye duka la mbolea na daktari wa meno walivaa suti na kofia ya mviringo, wakaingia uwanjani kama wenye hadhi. Wanawake walipanda na kushinda katika maonyesho hayo madogo miaka mingi kabla mwanamke hajashika taji la Shelbyville. Aliyelishika wa kwanza ni Betty Sain, mwaka 1966, juu ya farasi dume aitwaye Shaker's Shocker. Katika mchezo ambao taji kuu lilikuwa likienda kwa wanaume peke yao, usiku ule ulikuwa mkubwa, na waliokuwepo walisimulia mpaka uzeeni.

Farasi mwenyewe anastahili kuelezwa, maana bila kumjua mtu hawezi kuelewa kilichoharibika. Huyu ni farasi wa shamba. Katika mashamba ya Tennessee ya kati alihitajika mnyama wa kumzungusha mwenye shamba kati ya mistari ya mazao kutwa nzima bila kumvunja mgongo, kumpeleka daktari kwa mgonjwa na mhubiri kwa waumini wake. Mwendo wake ni wa mapigo manne, kila mguu ukigusa ardhi peke yake. Mguu wa nyuma unapita alama iliyoachwa na ukwato wa mbele, wakati mwingine kwa sentimita 30 na zaidi. Kichwa kinainama na kuinuka kwa kila hatua, masikio yanayumba, na wapo ambao hata meno yao hugongana kwa mdundo huohuo. Mpandaji hatikiswi. Mwendo huu ni wa kuzaliwa. Mtoto wa farasi huyu huufanya malishoni kando ya mama yake kabla binadamu hajamgusa.

Ukoo wao hufuatishwa hadi kwa farasi mweusi aitwaye Allan, aliyezaliwa mwaka 1886. Alizalishwa kwa ajili ya mashindano ya kukokota vigari, akashindwa, akauzwa kutoka mkono huu hadi mkono ule, mpaka akafika Tennessee ya kati, ambako watu waliona uzuri wa mwendo wake kwa watoto aliowazaa. Alikufa mwaka 1910. Chama cha wafugaji kilipoundwa mjini Lewisburg mwaka 1935, farasi huyo aliyekataliwa kwingine ndiye aliyeandikwa namba moja kati ya waasisi wa ukoo.

Na bingwa wa kwanza wa Shelbyville, mwaka 1939, alikuwa Strolling Jim, farasi aliyepata kufanya kazi ya kukokota jembe. Mkufunzi Floyd Carothers ndiye aliyekiona kipaji chake, naye Henry Davis wa Wartrace, mtu aliyelibuni onyesho lenyewe, akamnunua kwa dola 350. Alishinda akiwa na umri wa miaka mitatu. Kaburi lake liko nyuma ya hoteli moja ya zamani pale Wartrace, na watu bado wanakwenda kulitazama. Ninapenda sana habari ya farasi huyu kwa sababu moja: alifika kileleni kwa miguu aliyopewa na Mungu.

Kisha thamani ya taji ikapanda. Midnight Sun alishinda mwaka 1945 na 1946, wa kwanza kati ya madume yasiyohasiwa kufanya hivyo, na shamba lililommiliki pale Franklin likawa kituo cha kuzalishia. Wafugaji walileta majike kutoka kila upande, na leo ni vigumu kumpata farasi wa aina hii asiye na damu yake. Hapo kila mtu aliona hesabu: utepe mmoja wa Shelbyville unaweza kuleta mapato ya miaka kwa dume moja. Mkufunzi anayelipwa kila mwezi kwa kutunza farasi wa watu akaelewa kwamba akikosa tepe mwaka huu, mwakani matajiri watahamishia farasi wao banda la jirani.

Miaka ya hamsini waamuzi na watazamaji wakaanza kupenda mwendo wa kupandisha miguu ya mbele juu sana, farasi akikaa kama anayetaka kuketi kwa matako huku miguu ya mbele ikirushwa hewani. Makofi yalikuwa makubwa. Njia ya haraka ya kuupata mwendo huo ilikuwa maumivu. Mkufunzi alipaka mafuta ya haradali, mafuta ya taa au dizeli kwenye ngozi laini iliyo juu kidogo ya ukwato wa mbele, akaifunga kwa nailoni na bendeji ili dawa iingie, akamwacha farasi bandani. Baadaye alimvisha mnyororo mahali palepale pabichi. Kila hatua mnyororo unapiga kidonda, na farasi anaunyanyua mguu upesi na juu kuukimbia moto. Wengine walikata ukwato mpaka karibu na nyama, wakapigilia kiatu chenye soli za kupangana ili uzito wa mnyama umchome kila anapokanyaga. Mtu aliyeketi jukwaani haoni lolote kati ya hayo. Anaona farasi mwenye mbwembwe, na muziki.

Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Farasi mwaka 1970, likairekebisha mwaka 1976. Kumwonyesha, kumsafirisha au kumuuza farasi aliyeumizwa namna hiyo kukawa kosa. Lakini fedha za kuisimamia ziliwekewa kikomo cha dola 500,000 kwa mwaka kwa nchi nzima, yenye mamia ya maonyesho kila msimu. Madaktari wa mifugo wa Wizara ya Kilimo wasingeweza kuwa kila mahali. Kwa hiyo kazi kubwa ya ukaguzi ikapewa wakaguzi waliofundishwa na kuajiriwa na vyama vya mchezo wenyewe. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Mkaguzi wa leo katika kijiji hiki huenda kesho akakutana na mkufunzi yuleyule kwenye mnada au kanisani, na chama kinachomlipa kinaishi kwa ada za watu anaowakagua.

Matokeo yake yalikuja kupimwa. Ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Kilimo ilitoa ripoti mwaka 2010 iliyotazama miaka ya 2005 hadi 2008. Madaktari wa wizara walihudhuria asilimia 6 tu ya maonyesho yaliyokaguliwa na watu wa vyama. Lakini asilimia 49 ya makosa yote yaliyoandikwa na wakaguzi hao wa vyama yaliandikwa katika maonyesho hayo machache. Maana yake ni wazi: mkaguzi yuleyule, kwa vidole vilevile, aliviona vidonda daktari wa serikali akiwa amesimama nyuma yake, na hakuviona akiwa peke yake. Hizi namba mbili ndizo ninazoziona kuwa ushahidi mzito kuliko wote katika kisa hiki, na zinaihusu miaka ileile ambayo Shelbyville ilikosa bingwa.

Turudi basi mwaka 2006. Wizara ilikuwa imetangaza mapema kwamba mwaka huo ukaguzi utakuwa mkali. Katika siku za mwanzo za onyesho farasi wengi walikataliwa, wakufunzi wakalalamika, baadhi wakaondoa farasi wao, na kuna usiku ambao onyesho lilivunjika kwa sababu hiyo. Ugomvi ukazidi hadi siku ya mwisho, ikafikia ile hesabu ya saba kwa kumi.

Hoja ya wakufunzi isipuuzwe. Ukaguzi wenyewe ulitegemea sana kidole gumba. Mkaguzi anainua mguu wa farasi, anaukunja, anabonyeza polepole kuizunguka sehemu ile laini, huku akitazama: je, farasi anavuta mguu, anakaza tumbo, anarusha kichwa? Kisha anaitazama ngozi kwa nyuma, kama ina makovu au uvimbe wa kidonda cha zamani. Wakufunzi walisema kidole cha huyu ni kizito kuliko cha yule, na farasi aliyepita jana anaanguka leo bila kufanyiwa kitu katikati. Haki ya mtu haipaswi kutegemea uzito wa kidole, na kwa hilo nakubaliana nao. Baadaye wizara iliongeza vipimo vya picha za joto na vya kemikali, kwa kiasi fulani ili kuliondoa lawama hilo.

Ila hoja hiyo ina upande mwingine ambao wakufunzi hawakuusema. Wapo farasi waliopita ukaguzi wakiwa na maumivu, kwa sababu walifundishwa kuyaficha. Bandani, mtu anaigiza ukaguzi: anabonyeza kidonda, na farasi akitikisika anapigwa puani au kichwani. Anabonyeza tena. Baada ya muda farasi anajua kwamba akisimama kimya maumivu yanakuwa ya mguu tu. Wengine walipakwa dawa ya ganzi iliyopangiwa muda wa kuisha wakati wa kuingia uwanjani. Kwa hiyo kama kidole kilikuwa na makosa, kilikosea pande zote mbili, na sioni sababu ya kuamini kwamba kiliwaonea wengi kuliko wale kiliowaacha wapite.

Sasa lawama iwekwe wapi? Mkufunzi aliyepaka dawa ana lake, na hakuna cha kumtetea. Lakini nikimwondoa yeye peke yake, banda linapata mkufunzi mwingine na mambo yanaendelea. Namrudia mwamuzi yule wa katikati ya uwanja. Yeye ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuukomesha ukatili huu kwa usiku mmoja, kwa kumweka mshindi farasi anayetembea huru na kumshusha yule anayechuchumaa nyuma na kurusha miguu. Alipompa utepe wa kwanza farasi huyo anayechuchumaa, aliwaambia wakufunzi wote waliokuwa wameegemea uzio kitu ambacho sheria ya Washington isingeweza kukifuta. Farasi anayetembea vizuri kwa asili akashika nafasi ya sita au ya saba, na mwenye farasi huyo akajifunza somo lake au akaacha mchezo. Wengi wa walioacha ni watu ambao mchezo ulikuwa unawahitaji kuliko wote.

Mfano wa jambo hili kwenda kinyume upo kwetu pwani. Kituo cha kutunza punda kilichofunguliwa Lamu mwaka 1987 kimekuwa na desturi ya kuwazawadia wenye punda waliotunzwa vizuri, wenye afya na wasio na vidonda. Mtoto wa Lamu anayetaka zawadi hiyo anajua la kufanya: amwogeshe punda, asimtwishe kupita kiasi, ampeleke kwa daktari. Kinacholipwa ndicho kinachotengenezwa.

Kuhusu wapandaji wenyewe, hasa wale wa ridhaa, nasitasita zaidi. Wengi walikutana na farasi wao siku za onyesho tu. Farasi aliishi kwenye banda la mkufunzi, mwenyewe alikuja Ijumaa jioni, akavaa suti, akapandishwa, akapewa maelekezo mawili matatu, akaingia uwanjani. Kijana wa miaka 12 aliyeshinda utepe wa bluu pale Belfast hakupaka mafuta ya haradali. Babake pengine hakuuliza, na aliyeuliza aliambiwa kwamba ndivyo farasi wa ushindi wanavyoandaliwa, kila mtu anafanya. Watu hao wamezeeka sasa. Wanapowataja farasi wao wa zamani kwa majina, wanaposimulia jinsi fulani alivyopanda wima na mikono laini, wanasema kweli, na sidhani kwamba wanatakiwa kuzikana kumbukumbu hizo. Wanachodaiwa ni kutoikataa sehemu ya pili ya habari hiyo wanapoonyeshwa. Mtu anayesema alimpenda farasi wake, halafu anakasirika mguu wa farasi huyo unapotajwa, amemwacha mnyama peke yake mara ya pili.

Nimewahi kusikia hoja kwamba kuyasema haya ni kuua miji midogo inayotegemea maonyesho. Hoja hii ina uzito kwa sababu fedha za klabu ya Lions ni fedha halisi, na hoteli za Shelbyville zinaishi kwa siku zile kumi na moja. Ila kilichowakimbiza watu zaidi ni fedheha. Mwaka 2012 picha za video zilizochukuliwa kwa siri katika banda la mkufunzi mmoja maarufu zilionyeshwa kwenye televisheni ya taifa: farasi wakipigwa kwa fimbo, miguu ikipakwa dawa. Kampuni ya Pepsi ikaondoa udhamini wake Shelbyville. Mkufunzi huyo alikiri kosa mahakamani, akatozwa faini ya dola 75,000 na kuwekwa chini ya uangalizi kwa miaka mitatu. Kama mambo yangesafishwa baada ya 2006, miaka sita kabla, video ile isingekuwa na cha kuonyesha.

Baada ya hapo kulikuwa na majaribio ya kuziba mianya. Mwaka 2019 Baraza la Wawakilishi lilipitisha, kwa kura 333 dhidi ya 96, mswada wa kupiga marufuku soli nene na minyororo kwa farasi hawa na kuondoa ukaguzi mikononi mwa vyama. Likapitisha tena mwaka 2022. Seneti haikuupitisha. Mwaka 2024 Wizara ya Kilimo ikatoa kanuni yake yenyewe yenye makatazo ya aina hiyo, ianze Februari 2025, lakini mwishoni mwa Januari mahakama moja ya shirikisho huko Texas ikabatilisha sehemu zake kuu kwa kesi iliyoletwa na watu wa mchezo.

Wakati huohuo yako maonyesho ya farasi wanaovishwa viatu vya kawaida, bila minyororo, na mashindano ya namna hiyo hufanyika hata ndani ya Shelbyville. Uchezaji wake hauna makeke. Farasi hupita, kichwa kikiinama na kuinuka, mguu wa nyuma ukivuka alama ya mbele, mpandaji ametulia. Kama waamuzi wa Wartrace na Petersburg wangeanza kuwapa farasi hawa tepe za juu mbele ya umati wa kawaida, na siyo katika kundi lao la pembeni, wakufunzi wangebadilisha viatu kabla msimu haujaisha, bila kusubiri mahakama ya Texas wala Seneti. Waamuzi hao wanajulikana kwa majina, wanapewa leseni na vyama, na leseni ni jambo ambalo wanachama wa kawaida wanaweza kulisemea ndani ya vyama vyao. Hapo ndipo ningewashauri wenye kumbukumbu nzuri za zamani wapeleke nguvu zao.